Kigoda cha Getini

Sitaki mtu anihurumie. Niliyoyafanya niliyafanya nikiwa na akili zangu zote, nimekunywa chai, nimevaa sare yangu ya kijani iliyopigwa pasi, na kama ungeniuliza jioni ile kama najuta ningekuambia hapana, tena ningekuambia nikiwa natafuna karanga. Jambo lile nilikuwa nimeliweka kiporo miaka ishirini na minne.

Nafanya kazi kwenye makao ya wasichana hapa Mpanda, upande wa njia ya kwenda Magamba. Mimi ni mama mlezi. Wasichana ni ishirini na wawili, wa miaka kumi na tatu mpaka kumi na saba. Wakinipenda wananiita mama, wakinikasirikia wananiita "yule mama." Lakini kabla sijawa mama mlezi nililala humuhumu, bweni la pili, kitanda cha chini karibu na mlango.

Aliyenileta ni shangazi yangu, dada yake baba. Baba sikumjua, na mama alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Shangazi akanichukua kwake Kibaoni, nikakaa mwaka mmoja. Sitamsingizia, chakula alinipa. Ila mumewe alikuwa ananihesabia matonge, na shangazi alikuwa anamwogopa yule mwanaume kuliko alivyomwogopa Mungu. Nililala mkeka mmoja na binti yao mdogo wa miaka saba, mtoto mwenye mateke huyo, lakini nilimpenda. Asubuhi moja shangazi akanivalisha gauni la kanisani siku isiyo ya kanisa, tukapanda lori la mchele kuja mjini.

Njiani akaniinamia sikioni. "Tukifika usiniite shangazi. Wakijua una ndugu hawakupokei, na shule utaisikia redioni. Sawa?" Nikasema sawa. Nilikuwa naitaka shule.

Tukaingia ofisini. Afisa akauliza maswali yake, akafika kwenye neno ndugu. Shangazi hata hakupepesa macho. "Hana. Mimi ni jirani tu, nimemwonea huruma." Afisa akaandika: Hakuna. Niliiona kalamu ikiandika. Nilikuwa nimesimama pembeni ya mtu mwenye kidevu kama changu, nikasomewa kwamba sina mtu duniani, na nikanyamaza kwa sababu niliambiwa ninyamaze.

Tulipotoka getini akaninyoosha kola ya gauni. "Jumapili ya kwanza nitakuja," akasema. Jumapili ya kwanza ya mwezi ndiyo ilikuwa siku ya ndugu, na mpaka leo ndiyo hiyohiyo.

Kuna tangi la maji pale uani, limewekwa juu ya jukwaa la saruji, na jukwaa lenyewe limeelekea getini. Pale ndipo nilipokaa kila Jumapili ya kwanza kwa miaka mitano. Niliwaona baba za watu, bibi za watu, kaka za watu wakija na mihogo ya kuchemsha. Shangazi yangu hakuja hata mara moja. Hata salamu hakutuma. Na Kibaoni si Ulaya jamani! Watu wa Kibaoni walikuwa wanakuja Mpanda hospitali, wanakuja sokoni, wanakuja mpaka kusuka nywele! Basi nilipofika miaka kumi na minane, nikitoka getini na begi langu, nilijiambia hivi: siku moja yule mwanamke atanihitaji, na siku hiyo atanitambua.

Nilisoma. Nikapata cheti cha ustawi wa jamii, nikarudi kuomba kazi palepale nilipolelewa, nikapewa. Miaka ya mwanzo ndugu walionekana kama usumbufu. Wakija wanaandikishwa, wanakaa nusu saa, wanaondoka, na sisi walezi tunashukuru Mungu wameondoka. Halafu akaja mkuu mpya wa makao, mama mmoja mwalimu mstaafu, ana sauti ya chini mpaka unalazimika kumsogelea. Kikao chake cha kwanza alituuliza swali moja tu. "Huyu msichana wa miaka kumi na tano, miaka mitatu ijayo anatoka hapa. Anakwenda kwa nani?"

Mimi jibu nilikuwa nalijua tangu siku nilipotoka getini na begi langu.

Basi utaratibu ukabadilika. Kila msichana akawa na mpango wa familia. Ndugu wakija Jumapili ya kwanza hawakai tena kwenye benchi kama wagonjwa, wanaingia jikoni kupika na binti zao. Shule ikichaguliwa, wanaitwa wakae nasi waseme wanavyoona. Likizo mtoto anakwenda kwao. Na ndugu asiyeonekana Jumapili tatu mfululizo, faili linaandikwa kwamba familia haipo, na mtoto likizo analala bwenini.

Na mimi kazi hiyo niliiweza, sitajishusha. Nilipanda bodaboda mpaka makalio yakafa ganzi. Nilikwenda Karema kumtafuta baba mmoja mvuvi ambaye binti yake alikuwa hasemi na mtu. Nikamkuta anatengeneza nyavu, nikamwambia, "Baba, mwanao anakula nusu sahani." Jumapili iliyofuata akatokea na migebuka ya kukausha, akasinzia mkutano mzima mdomo wazi, na binti yake akacheka mpaka akalia. Mkuu akanisifia mbele ya walezi wenzangu kwamba nina mkono wa kuwarudisha watu. Nikapokea sifa zangu.

Sasa nikuambie kuhusu geti letu. Pale ukutani kuna karatasi ya utaratibu iliyofunikwa plastiki, na inasema mgeni yeyote ataulizwa maswali sita akiwa getini kabla ya kuingia: jina, anakotoka, uhusiano wake na mtoto, anayemtaka, alichobeba, na alichofuata. Karatasi ile ilichapwa na watu wa mbali. Kwetu huku huwezi kumuuliza mgeni amefuata nini kabla hajakaa na kunywa maji. Ukimuuliza akiwa amesimama, umemwambia ageuze arudi alikotoka, na mtu mzima anayejiheshimu atageuka kweli na hatarudi. Hilo kila mtu analijua, toka Mpimbwe mpaka hapa mjini. Kwa hiyo mlinzi wetu, mzee mmoja mbishi anayebishana na redio yake kutwa nzima, alijitengenezea utaratibu wake. Kibandani ana kigoda cha mninga na kikombe cha bati. Mgeni akifika, kwanza kigoda, pili maji, tatu shikamoo na habari za njiani, halafu, taratibu, kama vile anapiga soga, anayatoa yale maswali sita mgeni bila kujua ameulizwa. Karatasi imefuatwa na mtu hajatukanwa. Wote tulifanya hivyo.

Ndipo akaja yule msichana. Miaka kumi na tano, kutoka Kibaoni, ameletwa na mwalimu wake. Mama yake alikwenda Tabora kuolewa na mume mwingine, akamwacha kwa bibi. Mguu wa bibi ukaharibika, msichana akaacha shule amhudumie, na kuna mwanaume akaanza kuleta maneno ya kumposa. Hivyo mpango ulikuwa asome akiwa kwetu, na likizo arudi kwa bibi yake. Nikafungua faili nisome jina la bibi.

Lilikuwa jina la shangazi.

Nililisoma mara tatu. Yule mtoto wa mateke niliyelala naye mkeka mmoja ndiye mama wa msichana huyu. Maana yake mimi ni mama yake mkubwa. Utaratibu wetu uko wazi kabisa, mlezi akiwa ndugu wa mtoto lazima amwambie mkuu siku ileile. Nikafunga faili, nikalirudisha kabatini, nikaenda kupanga mashuka.

Alikuwa msichana mkimya, mwenye kung'ata kucha, anafua nguo zake na za wenzake bila kuombwa. Ijumaa moja nikamkuta anapiga pasi sketi ya Jumapili.

"Mama mlezi, bibi yangu anakuja keshokutwa," akasema. "Aliniambia Jumapili ya kwanza atakuja."

Maneno yaleyale! Mwanamke yule hata uongo hakubadilisha.

"Watu wazima wanasema mengi," nikamjibu.

"Bibi yangu akisema anakuja, anakuja."

Na kweli alikuja. Hilo ndilo lililoniua. Mimi miaka mitano hakuja, kwa huyu mwezi wa kwanza tu katokea, mguu mbovu na yote, amepanda pikipiki toka Kibaoni na kikapu mapajani. Nilimwona kupitia dirishani akishushwa kama mzigo. Amezeeka, amepungua, lakini kidevu kilekile. Msichana alikuwa jikoni na wenzake wanachambua mchele. Mlinzi akainuka kufuata kigoda. Nikatoka nusu mbio, nikamwambia mzee, nenda katazame bomba nyuma ya bweni la kwanza, linavuja. Halikuwa linavuja. Akanitazama, akaenda.

Nikabaki mimi na shangazi, na geti katikati. Sikumwamkia. Mwanamke wa umri ule, mwenye nywele nyeupe, nilimwambia, "Habari yako."

Akashtuka. Labda kwa miaka mingi hakuna mtu wa umri wangu aliyemnyima shikamoo. "Nzuri, mwanangu," akasema.

"Jina?"

Akataja.

"Unatoka wapi?"

"Kibaoni. Mwanangu, naomba nikae kidogo, mguu huu..."

"Maswali kwanza, utaratibu uko hapo ukutani. Uhusiano wako na mtoto?"

"Mimi bibi yake."

Hapo nilikuwa nimepasubiri. Nililitafuna kila neno. "Una uhakika? Kuna watu wanakuja hapa wakijiita ndugu, na kuna wengine ni ndugu kabisa wanajiita majirani."

Akainua uso. Alinitazama kwa muda mrefu, juani, ameshika nguzo ya geti kwa mkono mmoja, na nikaona kitu kikipita machoni kwake. Sikujua kama ni kunitambua au ni jua. Nilitaka anitambue. Nilitaka aseme jina langu ili nipate kumwambia simjui.

"Naomba maji basi," akasema.

"Unayemtaka nimeshamjua. Umebeba nini?"

"Mchele. Na karanga kidogo za mtoto."

"Umefuata nini?"

Nilimuuliza hivyo, amesimama, hajanywa, hajakaa. Akakiweka kikapu chini polepole, akajifunga kanga yake upya, akageuka. Alichechemea mpaka barabarani, na hakutazama nyuma. Nikachukua daftari la wageni nikaandika: Mgeni hakujibu swali la sita, ameondoka. Kila neno ni kweli. Nikaingiza kikapu stoo, nikanawa mikono, na nakuapia mchana ule wali ulipita kooni kwa raha kama wali wa harusi.

Msichana alikuwa amekwenda kukaa kwenye jukwaa la tangi. Nilimwona na sketi yake iliyonyooka. Nikajilazimisha kutazama pembeni.

Jumanne ilikuwa zamu yake ya jikoni. Akaja ofisini ameshika kile kikapu. Mshikio mmoja ulikuwa umekatika zamani na mtu ameufunga kwa kipande cha chandarua cha bluu, amekisuka vizuri kabisa.

"Mama mlezi, kikapu hiki kaleta nani?"

"Msamaria mwema."

Akashika ule msuko wa bluu. "Huu nilisuka mimi," akasema, bila kupandisha sauti. Nikamwambia vikapu vinafanana. Hakubisha. Alikirudisha stoo, na kuanzia siku hiyo hakuniita mama. Hakuniita kitu chochote.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata bibi hakutokea, nikaandika, na ile aliyogeukia getini nayo nikaihesabu kwamba hakuonekana. Mkuu akauliza kama hatuwezi kumfuata Kibaoni, maana mimi ndiye mwenye mkono wa kuwarudisha watu. Nikasema mvua zimekata barabara, ngoja zikauke. Ikabaki Jumapili moja tu familia iandikwe haipo, na usiku, mchana, kila saa, nilikuwa naihesabu. Nilikuwa nimeshaliona lile neno "haipo" kwenye faili. Shangazi alinifanya mtoto asiye na mtu, na mimi namfanya bibi asiye na mjukuu. Ngoma droo. Kwamba katikati yetu kuna mtu wa miaka kumi na tano nilikuwa najua, na nikawa najibu moyoni kwamba hata mimi nilikuwa na kumi na tatu.

Jumapili ya tatu ya ndugu, watu wametoka misa, nikamwona msichana anavuka uwanja. Hakwenda kwenye tangi. Alikwenda kibandani kwa mlinzi, akatoka na kigoda kwapani na kikombe cha bati kimefunikwa na sahani. Mzee akamfungulia geti.

Nikatoka. "Unakwenda wapi?"

"Kumpokea mgeni," akasema, na akaendelea kutembea.

Nikamgeukia mlinzi. Yule mzee akapunguza redio, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. "Nilimpa simu yangu ampigie bibi yake," akasema. "Na lile bomba mama, nililitazama lote mpaka mwisho. Halivuji." Akaongeza tena redio.

Pikipiki ikaja. Msichana akapiga goti palepale kwenye vumbi na sketi yake safi. "Shikamoo bibi." Akamkalisha kwenye kigoda, akampa maji kwa mikono miwili, akasubiri mpaka amalize, akampa tena. Halafu wakaongea. Mimi nimerudi dirishani na daftari langu la wageni, kama mjinga. Bibi aliongea muda mrefu, akionyesha huku ndani kwa kidevu, akajifuta macho kwa kanga, akaongea tena. Kisha msichana akageuza kichwa akatazama dirisha langu. Basi nikajua kwamba shangazi alinitambua siku ile, na kwamba sasa wote wawili wanajua mimi ni nani.

Mkutano wa mpango wa familia tukaukalia mchana huo ofisini: mkuu, bibi, msichana, na mimi na kalamu, kama kawaida. Mkuu akauliza kwa sauti yake ile ya chini. Bibi anaweza kumpokea mtoto likizo? Anaweza. Yule mwanaume wa posa? Bibi amempeleka kwa mtendaji, hasogei tena. Atakuwa anakuja? "Nikipokelewa nitakuja," akasema shangazi, na mkuu hakuelewa kwa nini amesema hivyo. Ikafika sehemu ya ndugu wengine walio karibu na mtoto, ambao bibi akishindwa watasimama badala yake.

Shangazi akakohoa. Akanitazama usoni moja kwa moja.

"Yupo," akasema. "Yupo mwingine, tena yupo hapahapa Mpanda. Ni mtoto wa kaka yangu. Nilimkosea sana huyo. Nilimwogopa mume wangu, nikamkana mtoto wa watu, nikasema mimi..."

"Bibi, hapana," msichana akamkata.

"Niache niseme, mjukuu wangu."

"Hapana bibi." Akamgeukia mkuu, ameweka mikono mapajani, sauti imetulia kabisa. "Mwalimu, mimi ndugu yangu ni bibi peke yake."

Mkuu akatutazama mmoja mmoja. "Hakuna mwingine? Hata wa mbali?"

"Hakuna."

"Bibi anasema yupo hapa Mpanda."

Msichana akanitazama. Nilisubiri. Nakiri, nilisubiri kama nilivyokuwa nasubiri pale kwenye tangi, nikitaka lile neno, mama mkubwa, litoke. Ningesamehe nusu ya yote niliyotendewa kwa lile neno.

"Huyu ni mama mlezi tu," akasema.

Mkuu akaniambia, "Haya, andika." Nikaandika. Hakuna. Mwandiko wangu ni mzuri, nilifundishwa humuhumu. Baadaye mkuu aliniuliza yule bibi alitaka kusema nini, nikamwambia ni uzee.

Shangazi sijamsamehe, na sidhani kama nitamsamehe. Lakini siku hizi nikimwona anakuja namtolea kigoda mimi mwenyewe, nampa maji, na shikamoo nampa. Anaitikia marahaba macho yapo chini. Yule msichana alikwenda kwa bibi yake, na likizo ilipoisha akarudi na kikapu chake chenye msuko wa bluu. Nilikuwa getini. Alimwamkia mlinzi shikamoo, akamwamkia mpishi shikamoo, akamwamkia hata dereva wa bodaboda aliyemshusha. Kisha akafika mbele yangu, akasimama wima.

"Habari yako," akaniambia.

"Nzuri," nikamjibu, nikamfungulia geti.